Picha Iliyotoka Mferejini

Mzee Eliufoo na mkewe Beatrice waliishi Marangu, kwenye kihamba chao cha migomba na kahawa. Kila asubuhi Beatrice alikata majani ya ng'ombe. Mzee alisafisha mfereji uliopita nyuma ya nyumba.

Mwaka ule wa mvua za El Nino, maji yalileta takataka nyingi: mifuko ya rambo, kandambili zilizokatika, vipande vya ndoo. Mzee aliziopoa kwa reki, akazichoma. Moshi wake ulikuwa mweusi. Beatrice akaanza kukohoa.

"Baba Kindness, moshi huu unanibana kifua."

"Nifanyeje, mama? Nikiziacha, ng'ombe atazila."

Ng'ombe wao wa kwanza alikufa hivyo. Walipompasua, walikuta tumbo limejaa rambo.

Siku moja Beatrice alikohoa mpaka akakaa chini. Jirani yao Violet, mwalimu wa sanaa, alikuja mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mwenzangu anaumwa."

"Moshi wa plastiki una sumu, baba. Zima moto, umpeleke mama hospitali. Plastiki isichomwe tena."

Mzee alimpeleka. Daktari alimpa Beatrice dawa, akamkataza kukaa karibu na moshi. Njiani kurudi, mzee alimshika mkono.

Kesho yake Violet alileta gunia tupu, mkasi na sindano kubwa.

"Tutatengeneza picha," alisema.

"Mimi ni mkulima, mwalimu."

"Unasuka vikapu vizuri. Hii haikushindi."

Alimwonyesha. Plastiki huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, kisha hukatwa na kushonwa juu ya gunia. Mzee akaokota chupa moja.

"Hiyo hapana, baba. Ilikuwa na dawa ya kahawa. Sumu haitoki kwa kuoshwa. Iweke mbali na watoto, tumuulize bwana shamba. Nawa mikono kwanza."

Kwa wiki tatu mzee alishona bandani. Beatrice alikatazwa kuchungulia. Siku ya mwisho akaitwa.

Juu ya gunia alimwona mwanamke amebeba mzigo wa majani kichwani. Gauni lilikuwa la rambo za bluu. Uso na mikono ilikuwa ya magome makavu ya mgomba. Majani yalikuwa vipande vya ndoo ya kijani.

Beatrice alitazama kwa muda mrefu.

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona miguu mikubwa hivi?"

"Nimeipima kwa viatu vyako."

Beatrice alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kifua hakikumbana.

Picha ilitundikwa kwenye ukumbi wa kanisa. Kina mama wakaanza kumwuliza Beatrice lini na wao watashonewa.

"Leteni rambo zenu nyumbani, msitupe mferejini," aliwajibu. "Na mzioshe kwanza. Mume wangu si dobi."

Wakazileta. Kufikia mavuno ya kahawa, mfereji ulipitisha maji matupu.