Feni Tatu za Celestine

Pazia la sebuleni lilikuwa limeinamia kompyuta, na dirisha lilikuwa limefungwa. Makokha aliliona jambo hilo siku ya tatu tangu aweke feni mpya. Alilirudisha pazia kwa mkono. Likainama tena, polepole.

Kompyuta ilikuwa ya binti yake na mkewe, Celestine, aliyekuwa akihariri video za harusi hapo hapo nyumbani, mtaa wa Section 58. Pumu ilimwondoa mwezi wa Aprili, saa kumi alasiri, kazi ikiwa mbele yake. Wiki nne baada ya mazishi, mama yake aliomba kuona picha zake. Mashine ikawa inapata joto na kujizima. Kwao Bungoma, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka wazee wakae wakigawe, na wazee walipanga kuja Agosti. Makokha alijua. Lakini mke wake hakuwa akila wala kulala, na picha zilikuwa mle ndani.

Alinunua feni tatu mjini. Kila moja ilikuwa na mshale mdogo ubavuni, wa kuonyesha upepo unakoelekea. Alifungua kasha la kompyuta, akaitazama mishale hiyo muda mrefu. Kisha akaielekeza yote ndani: ya mbele, ya nyuma, ya juu. Hakuuliza mtu. Alitaka mashine ya mtoto wake ipate hewa nyingi, kwa sababu mtoto mwenyewe alikufa akiitafuta.

Picha zilifunguka. Mama Celestine akawa anaketi pale kila siku, leso begani. Na kila saa kumi, feni zilibadilisha sauti. Zilivuta, zikakwama kidogo, zikatoa mluzi mwembamba, kisha zikakohoa mara mbili.

"Baba Celestine," alinong'ona, "unasikia?"

"Ni vumbi."

"Tangu lini vumbi likawa na kikohozi cha mtoto wangu?"

Chumba kilikuwa kimeanza kunuka ile dawa ya Celestine ya kupaka kifuani, na chupa yake walikuwa wameizika pamoja naye.

Alasiri moja stima ilipotea mtaa mzima, redio za majirani zikanyamaza, taa ya mashine ikazimika, lakini feni ziliendelea kuzunguka, na pazia likavutwa, na ncha za leso zikanyooka kuelekea kwenye kasha, na Mama Celestine, ambaye hakuwahi kuugua kifua maisha yake yote, akafungua mdomo akitafuta hewa, midomo ikigeuka rangi ya majivu, huku feni zikivuta bila haraka, kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Makokha alimburuta hadi uani. Alimwombea kwa jina la Yesu mpaka pumzi ikarudi. Akaingia tena, akang'oa waya ukutani, akaenda kumwita Kihara, fundi wa kompyuta wa mtaa huo.

"Niaje mzee wangu," Kihara alisema akichungulia ndani ya kasha. "Nani alikufungia hizi?"

"Mimi."

"Aki mzee! Zote zinavuta! Ya mbele ivute, ya nyuma na ya juu zitoe. Sasa hii hewa ikishaingia itatokea wapi?" Alichana kipande cha karatasi ya chooni, akakisogeza nyuma ya kasha. Karatasi ikanata. "Unaona?" akacheka.

Kisha akaona waya umelala sakafuni. Kicheko kikaisha.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "hii inazungushwa na nini?"

"Geuza tu, kijana wangu. Mimi nitaomba."

Kihara aligeuza feni mbili. Alipokaza skrubu ya mwisho, hewa ya moto ilitoka nyuma ya kasha, ndefu, yenye harufu ya dawa na udongo uliochimbwa jana, ikaipeperusha karatasi hadi mlangoni. Feni zikasimama. Pazia likaanguka wima. Kihara alitoka bila kuaga, akasahau bisibisi yake mezani.

Usiku huo Mama Celestine alilala hadi asubuhi.

Jumapili Makokha alienda kanisani kushukuru, akamwacha apumzike. Ibada ilichelewa. Aliporudi ilikuwa inakaribia saa kumi. Alipofungua mlango, pazia lilimgusa shavu likielekea ndani.

Mke wake alikuwa ameketi mbele ya kasha. Skrubu nane zilikuwa kwenye kisahani cha chai, zilizofunguliwa kwa uangalifu na kuhesabiwa. Feni zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa kushonea, mishale yote ikitazama ndani. Waya ulikuwa bado sakafuni.

"Mama Celestine," alisema, akipiga magoti kando yake. "Mtoto wetu hangekunyima pumzi. Huyu si yeye."

"Najua si yeye." Alikatiza kutafuta hewa kati ya neno na neno. "Lakini pumzi... anayopumua huyu... ni ya Celestine. Ukiitoa hapa... itaenda wapi?"

Mke wake mwenyewe alimpa bisibisi, hakubishana. Mkono wake ulikuwa baridi. Makokha aliinyoosha kuelekea uzi wa feni ya nyuma, akaanza kuomba, na feni zikavuta, zikakwama, zikatoa mluzi mwembamba, zikakohoa mara mbili.

Kisha kimya.

Mkono wa Makokha ulisimama hewani. Ombi lilikuwa limemtoka kichwani. Alijikuta akisubiri, kama alivyosubiri ile siku ya Aprili kando ya Celestine, asikie kama mle kashani kuna pumzi nyingine.