Yupo Anayepinga?

Mdanzi wa uani, ule mchungwa mchungu, ulikuwa na mkato mpya.

Mencia aliuona alipotoka kuanua nguo, saa ile ya mchana ambayo mtaa wote wa Triana hulala, madirisha yamefungwa, na jua linapiga mpaka mbwa wanaacha kubweka. Kabla ya kujilaza alikuwa ameifunga kamba ya kuanikia kwenye shina lile lile, na gome lilikuwa zima. Sasa lilikuwa limekatwa mshazari kwa kitu chenye makali kama upanga, na utomvu ulikuwa bado unachuruzika.

"Gines!" alimwita mumewe. "Nani kaukata mti wangu?"

Gines alitoka akijifunga mkanda. Aliutazama mkato ule kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoutazama mti.

"Watoto wa mtaani," akasema kwa sauti yake ya mkwaruzo.

"Watoto wameruka ukuta na upanga mkononi?"

Gines alichota majivu jikoni, akapaka jeraha la mti, akarudi kulala, uso ukutani.

Gines alikuwa mpiga mbiu. Kabla ya safari, akitangaza jambo ukingoni mwa mto upande huu, wachuuzi wa upande wa pili, wa Sevilla, waliacha mizani wakasikiliza. Ndiyo maana kapteni mmoja alimchukua kwenda visiwa vya ng'ambo ya bahari, maana nchi mpya hazichukuliwi kimyakimya. Lazima jina la Mfalme litangazwe. Alirejea baada ya Pasaka, mnene, meno yote kinywani, ila sauti hana. Ilimtoka siku waliyong'oa nanga kurudi nyumbani, kama mtu aliyesahau kofia yake ufukweni.

Usiku wa kumkaribisha walikaanga dagaa, wakafungua pipa la divai, naye akasimulia kwa kunong'ona, wageni wamemwinamia.

"Kapteni anashuka. Anakata mti kwa upanga. Anachota maji, anamwaga. Anaokota mawe huku, anayaweka kule, kama mtu aliye kwake. Kisha mimi napiga mbiu mara tatu: Nchi hii imetwaliwa! Yupo anayepinga? Karani yuko pembeni, unyoya umeshachovywa wino."

"Na nani apinge, kaa wa pwani?" aliuliza Quiteria, jirani yao muuza samaki, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala na njaa.

"Alikuwepo bwana! Kizee kimoja cha kike, kimetoka vichakani, kinanionyesha kidole, kinalia kama kanga. Kapteni akauliza, 'Nini hicho kinacholia?' Nikamwambia, 'Ndege, bwana.' Akasema, 'Andika: hakuna aliyepinga.'"

Meza nzima iliangua kicheko. Mencia alicheka mpaka akashika mbavu. Ni Brianda tu, binti yao mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, ambaye hakucheka.

"Baba, yule bibi alikwenda wapi?"

Gines aliinua kikombe, akakishusha bila kunywa. "Alikwenda kulala, mwanangu."

Siku mbili tatu baada ya mti kukatwa, Mencia aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta kamba ya kisima imelowa, na maji yamemwagwa kizingitini kwa mstari ulionyooka. Kesho yake mawe aliyokuwa amepangia kitalu cha mnanaa yalikuwa yamehamishiwa upande wa pili wa ua, yakapangwa vile vile, hakuna hata moja lililokosea nafasi. Na palikuwa na harufu. Mencia alizaliwa kando ya mto, alijua uvundo wa tope, wa lami ya meli, wa matanuri ya wafinyanzi. Hii ilikuwa harufu ya majani mapana yaliyooza ndani ya maji ya chumvi, na ndani yake, kwa mbali, moshi wa nyumba za makuti.

"Brianda, wewe umechota maji?"

"Bibi ndiye aliyechota."

"Bibi gani?"

"Yule wa kanga," mtoto akasema, akaendelea kumsuka nywele mwanasesere wake.

Padri wa mtaa alikuja, akanyunyiza maji ya baraka, akala kuku, akaenda zake. Siku ile ile, mchana, sauti ikaita.

Mencia alikuwa kitandani, Brianda katikati, Gines upande wa pili, na alikuwa anaanza kusinzia aliposikia kutoka uani sauti ya mwanamume, pana, tamu, iliyojaa kifua, sauti aliyoipenda kabla hajampenda Gines mwenyewe, ikisema, "Nyumba hii imetwaliwa! Yupo anayepinga?" Akageuka haraka amtazame mumewe. Gines alikuwa amelala chali, macho yamemtoka, midomo ameikaza kama aliyeshonwa, na jasho likimtiririka kuelekea masikioni.

Jioni hiyo Mencia alimwita Bi Guiomar. Alikuwa Mori, Mwislamu wa zamani aliyebatizwa ukubwani, muuza biringani, na watu waliomsema vibaya mchana ndio waliomgongea mlango wa nyuma wenye homa na mimba zilizoharibika.

"Mtu akiuliza, nimeleta biringani," alisema akiingia. "Sina hamu ya kuchomwa moto kwa uchawi, mzee hivi."

Alinusa uani, akagusa jeraha la mdanzi, akaramba kidole, akatema.

"Nyinyi mnaita pepo mchafu. Sisi nyumbani tulikuwa na majini, na majini yetu nayajua kwa tabia. Wanatembea jua la utosini, watu wakilala. Huyu ni mgeni. Katoka mbali, tena kaletwa."

"Kaletwa na nani?"

Bi Guiomar alimtazama Gines, Gines akatazama chini.

"Nitafukiza shabu, lile jiwe la dawa, na maua ya mrujuani," mama yule akasema. "Lakini sikilizeni kubwa kuliko dawa. Jini akiita, usimwitikie. Ukijibu umempa mlango. Mzibeni mtoto mdomo ikibidi. Hata awaite kwa sauti ya mama zenu, nyamazeni."

"Tutanyamaza," Mencia akasema.

Wakanyamaza. Sauti ilipokuja mara ya pili, moshi wa shabu ukiwa bado umetanda darini, Mencia alimkumbatia Brianda akamziba kinywa kwa kiganja, akahesabu mapigo ya moyo wa mtoto kwa kifua chake mwenyewe, na sauti ile ikauliza kwa adabu, ikasubiri, kama inavyosubiri sauti ya mtu mwenye haki ya kujibiwa, na hakuna aliyejibu, na baada ya kimya kirefu wote wakasikia, karibu sana, upande wa pili wa pazia, mkwaruzo mdogo wa unyoya ukiandika juu ya karatasi.

Gines akaketi ghafla.

"Inaandika," akanong'ona. "Mungu wangu, Mencia. Inaandika kimya chetu."

"Una maana gani?"

"Kule hatukuhitaji wakubali. Tulihitaji wanyamaze tu. Asiyepinga amekubali. Ndivyo sheria ilivyo."

Mencia alimwachia mtoto ili amtikise mumewe, na mkono wake ulipopita juu ya mto ukakuta kitu laini. Kilikuwa kishungi cha nywele za Brianda. Kilikatwa mshazari, mkato mmoja, kama ule wa mdanzi. Mti, maji, mawe; na sasa mtoto.

"Tuondoke," akasema. "Leo hii. Tuvuke daraja, twende kwa dada yangu."

"Wa visiwani nao walikimbilia milimani." Gines alikuwa akilia bila sauti. "Tulipiga mbiu ufukweni tu, na tukachukua mpaka milima, na waliokuwa juu yake. Ukishasomewa mbiu, umesomewa, popote ulipo."

Mencia alikaa akitazama kile kishungi. Nyumba ile ilikuwa yake, si ya Gines. Baba yake, Anton mfinyanzi, alimnunulia kama mahari ya kwenda nayo kwa mume. Alikumbuka siku alipokabidhiwa, vile ilivyo desturi: mbele ya karani alipita chumba hadi chumba akifungua kila mlango na kuufunga, kisha akamshika mkono mpangaji wa zamani, mzee mjane aliyekuwa akicheka kwa aibu, akamtoa mpaka barabarani, akarudi ndani na kujifungia. Hapo ndipo nyumba ilipokuwa yake.

"Bado mara moja," akasema polepole. "Mara tatu ndiyo sheria, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi nitapinga."

"Guiomar amesema tusijibu!"

"Guiomar anajua majini wa kwao. Huyu amefundishwa na watu wa kwetu. Yule kizee wenu hakuwa na lugha yenu, ndiyo maana mkamwandika ndege. Mimi ninayo lugha. Ninapinga kwa Kikastilia safi, karani ataandika nini?"

Gines alifungua kinywa, akakifunga. Mkewe aliona kwamba ametaka kusema neno na limemshinda, akadhani ni kukosa sauti tu.

Siku iliyofuata hakuna aliyejilaza. Mencia alivaa gauni lake la kanisani, akafunga nywele, akasimama kwenye mlango wa uani kuanzia joto lilipoanza kuwafukuza watu barabarani, huku nyuma yake Gines amempakata Brianda, na mtaa ukanyamaza mlango baada ya mlango, na majani ya mdanzi yakaacha kutikisika, na ile harufu ya majani yaliyooza na chumvi na makuti yanayoungua ikapanda kutoka kisimani ikajaa ua mpaka ikamkaa ulimini, na ndipo sauti ya mumewe, ile nzuri, ikasema kutoka kivulini mahali ambapo hapakuwa na mtu, "Nyumba hii imetwaliwa, na vilivyomo, na waliomo. Yupo anayepinga?"

"Yupo!" Mencia akapaza sauti. "Mimi, Mencia, binti Anton, niliyebatizwa hapa hapa Triana, mwenye nyumba hii, mama wa mtoto huyu! Napinga! Mmesikia? Napinga! Napinga!"

Mwangwi wake ukagonga kuta, ukarudi.

Kisha chini ya mti sauti nyingine, kavu, ya mwanamke mzee sana, ikauliza kwa Kikastilia kisicho na doa:

"Nini hicho kinacholia?"

Na ile sauti nzuri ikajibu, "Ndege, bibi."

"Andika: hakuna aliyepinga."

Unyoya ukakwaruza.

Dirisha likafunguliwa kwa kishindo juu ya ukuta. Quiteria akatoa kichwa, uso umevimba kwa usingizi.

"We Mencia! Tangu lini unafuga kanga? Mnyamazishe huyo ndege wako kabla sijamtia chunguni, watu tumelala!"

Mencia aliinua uso amwambie. Akayasikia mwenyewe yaliyomtoka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Dirisha likafungwa.

Nyuma yake Brianda alikuwa ameteremka mapajani mwa baba yake. Gines alinyoosha mkono amshike, mkono ukabaki hewani. Mtoto alikwenda mpaka mlango wa jiko, akaufungua, akaufunga. Akaenda mlango wa stoo. Akaenda wa chumbani, akafungua, akatazama ndani bila haraka, akafunga. Kila alipokanyaga palibaki unyayo wa maji, na kila unyayo ulikuwa mpana kuliko mguu wake.

Alipomaliza alimwendea baba yake, akamshika mkono, naye Gines akafuata kama ng'ombe. Kisha akamwendea Mencia. Kiganja kilikuwa kidogo, chenye mikwaruzo ile ile ya kucheza kwenye changarawe, kimelowa maji ya chumvi. Mencia alitaka kukishikilia asikiachie tena. Aliongozwa kupita ukumbi, kupita picha ya Bikira, kupita kizingiti, mpaka juani, barabarani ambako hapakuwa na mtu.

Brianda akawaachia. Akawatazama wote wawili kwa macho ya mtu mzima, aliyengoja sana, akatabasamu kwa mapengo yake ya mbele.

Mlango ukafungwa. Ndani, lile komeo la juu, ambalo Brianda hakuwahi kulifikia hata akisimama juu ya kiti, likaanguka taratibu mahali pake.