Kitambaa cha Chiriku

Jua lilikuwa linazama Wino alipokwenda kwa mlinzi kuomba ufunguo wa karakana ya ufumaji. Seremala wa chuo alikuwa amepoteza karatasi ya vipimo, na fremu ya kitambaa cha Chiriku ilitakiwa ikatwe kesho yake.

Wino ni jina walilompa darasani. Alisomea kubuni mabango, na tangu aingie chuo vidole vyake havikuwahi kutakata. Chiriku, mfumaji, ndiye aliyelala naye chumba kimoja kwa miaka mitatu. Msichana yule alianza kuongea akipiga mswaki, akanyamaza taa ikizimwa. Tena wakati mwingine hata usingizini hakunyamaza.

Homa ilimchukua kwa siku nne, wiki tano kabla ya maonyesho ya kazi za mwisho. Siku hizo nne Wino alikuwa amezama kwenye mabango yake. "Nitakuja kesho," alimwandikia kwenye simu.

Kesho yake Chiriku akakata roho.

Walimu waliamua kazi yake ionyeshwe hivyohivyo ilivyo, bila kumaliziwa. Ijumaa asubuhi wangeitoa kwenye mtambo wa kufumia. Leo ilikuwa Jumatano.

"Usikawie," mlinzi alisema akimpa ufunguo. "Humo ndani siku hizi sipapendi."

"Kwa nini?"

"Sipapendi tu."

Karakana ilinukia pamba na vumbi. Na kitu kingine... mafuta ya nywele ya karafuu. Mafuta ya Chiriku. Wino alijiambia ni mawazo, akakunjua futi yake.

Jumatatu alikipima mwenyewe kile kitambaa. Kilikuwa na urefu wa sentimita mia moja na hamsini. Upana alikuwa ameusahau, lakini urefu aliukumbuka vizuri, maana namba ilikuwa rahisi.

Sasa kilikuwa mia moja na themanini.

Alipima tena. Akapima mara ya tatu. Ndege wa kijivu ambao Jumatatu walikuwa na kichwa tu, leo walikuwa na mabawa, kama walivyokuwa kwenye mchoro wa Chiriku uliobandikwa ukutani. Ulibaki mstari mmoja wa ndege, kazi iishe.

Wenzake wamemsaidia, alifikiri. Wamekuja kimyakimya. Akainama kuangalia ile sehemu mpya.

Haukuwa uzi wa pamba peke yake. Katikati yake zilipita nywele.

Nywele ndefu. Zenye mvi.

Nyuma yake, kanyagio la mtambo likashuka lenyewe.

Ta.

Wino hakukumbuka alivyofunga mlango.

Hakwenda bwenini. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake Chiriku, mtaa wa pili, kwa sababu nywele zile alizijua. Mama yule alikuwa na nywele mpaka mabegani, na Chiriku alizoea kumtania kwamba akizikata watapata za kujaza godoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Alikuwa kitandani. Wiki tano tu, lakini mwili ulikuwa umekwisha, mifupa ya mabega ikionekana chini ya gauni. Kichwani alijifunga kitambaa. Wino alikaa ukingoni mwa kitanda, akakosa pa kuanzia.

"Umetoka huko," mama alinong'ona. "Nimekuona ukipima."



"Mama... umefanya nini?"

Mama alikifungua kile kitambaa cha kichwani. Hakukuwa na kitu. Upara mtupu, kama wa mtoto mchanga.

"Nilikwenda kwa mganga. Sikuomba makubwa. Nilimwambia nataka nimwone mwanangu. Akaniambia nifunge unywele wangu mmoja kwenye kitu alichokiacha hajakimaliza. Siku mwalimu aliponipeleka kuiona ile kazi, nikaufunga." Alivuta pumzi, na pumzi ikakwama. "Basi kila jua likizama nafumba macho, nipo naye. Anafuma, anapiga soga. Unamjua alivyo."

"Na kazi ikiisha?"

Mama akatazama dirishani.

"Mama, kazi ikiisha?"

"Tutaondoka pamoja."

Wino alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, wa baridi.

"Usiiguse, mwanangu," mama alisema. "Nakuomba. Mwache amalize."

Usiku ule Wino hakupata usingizi. Alfajiri alitaka kumweleza mwalimu wa ufumaji, akafika mpaka mlangoni pa ofisi yake, akarudi. Angeanzia wapi? Mchana kutwa alishika brashi bila kuchora. Jua lilipoanza kushuka akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akaomba ufunguo tena. Mlinzi alimpa bila kumtazama usoni.

Aliusikia mtambo kabla hajafungua.

Ta... ta... ta...

Hapakuwa na mtu. Makanyagio yalipanda na kushuka. Kijiti cha uzi kilipita kushoto, kikarudi kulia, nacho kilivuta nyuzi nyembamba ambazo hazikutoka popote. Harufu ya karafuu ilijaa chumba kizima. Ndege wa mwisho walikuwa wamebakiza ncha za mabawa. Upana wa kidole. Labda pungufu.

Wino akaweka mkasi kwenye nyuzi.

"Bado kidogo tu," sauti ilisema.

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Haikuwa ya kutisha hata kidogo. Kwa wiki tano alikuwa ameitamani sauti ile, hata kama ni kumgombeza kwa kuacha kikombe kichafu.

"Chiriku, nisamehe," alisema huku akilia. "Nilisema nitakuja kesho."

Mtambo ukasimama. Ulimngoja.

"Mama yako anakwisha. Unamwona? Anakwisha."



Kanyagio likashuka. Ta.

Wino akakata.

Kilio kilichotoka mle ndani kilikuwa cha mtoto aliyeachwa gizani. "Mama!" Mara moja tu. Kisha nyuzi zikalegea, na harufu ikaondoka kana kwamba mtu amefungua dirisha.

Ijumaa kitambaa kilitundikwa ukumbini. Watu walisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kazi nyingine yoyote. Mwalimu wa ufumaji aliikagua ile sehemu ya mwisho, akapitisha kidole, akasema bila shaka wanafunzi wenzake walimmalizia. Hakuuliza zaidi. Seremala alilalamika tu kwamba fremu aliyoikata Alhamisi kwa vipimo vya Wino imekuwa fupi.

Mama alianza kula wiki iliyofuata. Baada ya mwezi nywele zilichomoza, nyeusi, na majirani wakasema ni muujiza. Wino aliendelea kwenda kila Jumamosi, kufua na kupika, ingawa mama hakumsemesha zaidi ya salamu.

Jumamosi moja, alipokuwa anaaga, mama alimshika kifundo cha mkono.

"Ulipokata... alilia?"



"Hapana, mama. Hakulia."



"Mimi nilimsikia," mama alisema taratibu. "Nilikuwa hapahapa kitandani. Ananiita mpaka leo."

Akamwachia mkono, akageukia ukuta.