Namba Zilizomfuata Mabawa

Kidole cha glovu kilikatwa saa nne asubuhi, kikaanguka sakafuni kama ganda la karanga. Ndani hamkuwa na kitu, na hiyo ni bahati tu: Mabawa huvaa glovu kubwa kuliko mikono yake. Skrini ya mashine ilikuwa inasema kisu kipo juu kabisa. Kisu kilikuwa chini.

"Nionyeshe mikono," akasema dada yake, fundi wa umeme wa kiwanda, akija mbio. "Yote."

"Ipo, dada. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu kweli, kidole baada ya kidole, mbele za watu. Mdogo wake huyu alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, na kazi hii ya kukata maboksi ni yeye aliyemtafutia. Wenzake walimbatiza Mabawa kwa kuwa hawezi kusimulia jambo bila kurusha mikono. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyoingia chini ya kisu kila dakika kutoa mabaki, ikitegemea neno la skrini.

Fundi hakuwa mtu wa kuamini majini na mashetani. Alikuwa mtu wa nyaya zilizolegea. Mgongoni mwa mota inayoshusha kisu kuna enkoda, kidude cha ukubwa wa kopo la rangi ya viatu, na kazi yake ni moja: kuiambia mashine mota imezunguka kiasi gani, ili ijue kisu kiko wapi. Enkoda ikidanganya, mashine nzima imedanganyika. Basi akaanza na yanayojulikana. Akasafisha plagi. Akautenga waya wa enkoda na nyaya za umeme mkubwa. Akakaza waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliopotea. Kisha akabadilisha waya, enkoda, na mwisho mota yenyewe, akabadilishana na mashine ya pili, maana mafundi ndivyo wanavyomkamata mwizi: ukihamisha kifaa na kosa likahama nacho, umempata. Kosa halikuhama. Mashine ya pili ilikata maboksi kwa raha zake na vifaa vyote alivyovishuku, ya kwanza ikaendelea kuropoka.

Siku ya tatu, mchana, wenzake walipokwenda kula, alizima umeme wa mota akabakiza wa skrini tu. Akachora mstari wa chaki kwenye mhimili wa mota, aone kama unazunguka. Mstari ulitulia. Namba za enkoda kwenye skrini hazikutulia. Zilipanda taratibu hadi mia mbili na arobaini, zikasimama, na hewani kukawa na harufu ya nywele zinazoungua. Fundi akaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa baridi. Ndani yake kitu kikageuka polepole, kama mtoto anavyojigeuza tumboni.

Akaondoa mkono. Akajiambia ni njaa.

Ndipo namba zikaanza kushuka. Mia mbili. Mia na hamsini. Tisini. Mlango ukafunguliwa, Mabawa akaingia akitafuna. Thelathini. Kila hatua aliyopiga, namba ilipungua moja, na alipofika kando ya mashine skrini ilisoma sifuri.

"Rudi nyuma," fundi akanong'ona.

"Nimekosa nini tena?"

"Rudi tu, mdogo wangu. Hatua tatu."

Akarudi. Skrini ikasoma tatu.

Fundi akaketi sakafuni bila kuona aibu. Kilichokuwa ndani ya mashine hakikuwa na habari na kisu. Kilikuwa kinapima ndugu yake yuko wapi.

Mganga alikuja kesho yake mchana, mwanamke mnene mwenye miwani, akaitegea mota sikio kwa muda mrefu.

"Ni jini," akasema kwa sauti ya chini. "Na huyo kijana wako amempenda."

"Atoke, mama. Nakuomba."

"Atatoka. Lakini mimi simuui, namhamisha tu. Mtafutie pa kukaa."

Fundi akaleta mota mbovu kutoka stoo, akaiweka mezani.

"Mkono mmoja shika hii, mwingine ile," mganga akamwelekeza. "Atapita mwilini mwako aingie huko. Nikishaanza sikatizi. Na kijana awe mbali, maana akimkuta karibu hatachagua chuma."

Mabawa akatumwa nyumbani. Namba zikapanda mpaka elfu mbili na ushee, fundi akashusha pumzi.

Mganga akafumba macho, akaanza kusoma dua. Mota ikanguruma bila umeme, na ile harufu ya nywele ikajaa ukumbi, na fundi akahisi baridi ikimpanda kutoka vidoleni hadi kiwikoni, na alipoinua macho akakuta skrini inasoma elfu moja na mia tisa, kisha mia saba, kisha mia nne, akajua Mabawa anarudi, akataka kumpigia kelele asije, ila ulimi ulikuwa mzito kama si wake, na mganga hakukatiza kama alivyosema, na namba zikashuka mia, hamsini, ishirini, akasikia viatu anavyovijua vikija mbio nje, na mlango, na mkono wa moto ukamshika begani.

"Nilikuwa na wasiwasi nawe, dada."

Sifuri. Baridi yote ikamtoka fundi kwa mkupuo mmoja, kupitia bega lile.

Mganga akafumbua macho, akamwona Mabawa, akaigusa mota mbovu mezani.

"Ameingia humo?" fundi akauliza.

"Kwenye mashine ametoka," mganga akasema, akachukua mkoba wake bila kumtazama.

Jioni ile mashine ilikata maboksi mia bila kukosea hata unywele, watu wakapiga makofi. Fundi alifurahi na aliogopa, na kwa kuwa alitaka sana kufurahi, hakuuliza zaidi.

Asubuhi alisimama kando akimtazama ndugu yake akifanya kazi. Mabawa alitaka kujikuna pua, akajikuna shavu, akacheka peke yake. Kisha akaingiza mkono kutoa mabaki. Skrini ilisema kisu kipo juu, na kweli kilikuwa juu. Akainua mguu juu ya pedali ya kukatia, mkono wa kulia bado umelala kwenye kadibodi, chini ya kisu.

"Mabawa, toa mkono."

"Nimeshautoa, dada," akajibu kwa mshangao, akitazama mahali patupu mbele ya kifua chake kana kwamba anauona pale, na mguu ukakanyaga.