Damu Kando ya Dimbwi

Mwalimu Arthur alikutwa chini ya mlima Mtandi, Masasi, kisogo kimepasuka. Fimbo yake ya kupandia milima ilibaki kileleni, imetapakaa damu. Kufikia adhuhuri askari walikuwa wamekwishamtia ndani Cuthbert, mwashi wa hapo hapo Masasi, kwa kuwa juzi yake waligombana sokoni. Akipatikana na hatia, atanyongwa.

Inspekta Bonifasi hakuwa mtu wa kumeza asichokitafuna. Alipanda mlima mwenyewe, kitambi na vyote. Juu alikuta dimbwi la maji ya mvua, safi, na kando yake majani na mchanga wenye damu. Muuaji alijisugua mikono kwa mchanga, na maji yako hatua mbili tu.

Mtu wa Masasi angenawa. Huyu, Inspekta aliwaza, amekulia Newala, ambako maji hufuatwa bondeni na mtoto huchapwa kwa kumwaga kata moja.

Rafiki wa Arthur kutoka Newala alikuwa mmoja tu, Mwalimu Silvesta. Kikulacho ki nguoni mwako.

Silvesta alimwamkia vizuri, akasema jana alishinda nyumbani.

"Juu kulikuwa na dimbwi zima, Mwalimu. Mbona hukunawa?"

"Yale maji ni ya kunywa," alijibu Silvesta. Kisha akajua amekwisha.

"Sema sasa. Cuthbert ana watoto."

Alisema. Mwaka jana, 1953, padri wa misheni alimwahidi yeye likizo ya kisiwa cha Kipro, kutembea hifadhi za misitu milimani. Wiki ya safari akashikwa na homa, akaenda Arthur.

"Tangu arudi, asubuhi misonobari, jioni misonobari. Na kupanda milima nilimfundisha mimi! Wivu ulinitafuna, Inspekta. Jana akanivuta Mtandi, akasema tukifika juu ana habari ya Kipro. Nikasema moyoni, tena? Nikamnyang'anya fimbo."

Inspekta aliagiza Cuthbert aachiwe. Halafu akaweka mezani barua iliyotoka mfukoni mwa marehemu, haijatiwa posta bado. Arthur alimwandikia padri kwamba anashukuru kualikwa tena Kipro, lakini safari hii ni zamu ya Silvesta, na yeye Arthur atamshikia madarasa yake.

Silvesta aliisoma mara mbili.

"Safari ilikuwa lini?" aliuliza.

"Desemba," alisema Inspekta, akachukua kalamu kuandika maelezo yake.