Mita ya Nani Inazunguka?

Felisa huamka kabla ya wote. Anakaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu, anatenga samaki wakavu, kisha anarudi kwenye kazi yake. Kazi yake ni barafu. Anasaga maembe, anachanganya na maziwa na sukari, anamimina kwenye vifuko vyembamba na kuvifunga fundo. Vifuko vinaingia kwenye friza. Mchana watoto wa mtaa wa Sampagita wanapanga foleni mlangoni kwake. Kila mtoto ameshika peso tano.

Friza hiyo Felisa aliinunua mwenyewe, kwa kufua nguo za watu miaka miwili. Anaipenda, msimcheke. Kuna siku huipangusa kabla hajanawa uso.

Asubuhi hiyo bili ya umeme ililetwa. Mumewe, Ruel, aliifungua akiwa bado anatafuna. Akaacha kutafuna.

"Peso elfu nne na mia nane! Felisa, tunawasha uwanja wa ndege humu ndani?"

Zamani bili yao ilikuwa elfu moja na mia tano. Tangu kimbunga cha Oktoba, huu ulikuwa mwezi wa tatu inapanda. Na si kwamba walikuwa wamelala. Pasi walipiga mara moja tu kwa wiki. Taa walizima mapema. Hata feni ya Bibi Konching, mama yake Ruel, ilichomolewa.

"Mimi nakaa gizani kama popo," Bibi Konching alisema, akijipepea kwa kipande cha boksi. "Joto litaniua, na bili bado itapanda."

"Ni friza," Ruel alisema. "Nimeshaongea na binamu yangu Dencio. Mwisho wa mwezi akipata mshahara anakuja kuichukua."

"Umeshaongea? Na mimi umeongea na mimi lini?"

Ruel akavaa kofia, akaenda kazini. Felisa alibaki na bili mkononi. Barafu ndizo zilizonunua madaftari ya watoto na dawa za bibi. Ilikuwa ndiyo pesa pekee ambayo hakuiomba kwa mtu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na uhakika. Labda kweli ni friza.

Jumamosi alimpelekea barafu Mzee Pilo, jirani wa nyumba ya pili. Mzee Pilo alikuwa fundi wa nguzo za umeme miaka thelathini. Sasa amestaafu na anafuga njiwa wa mashindano. Siku nzima yuko juu ya paa na darubini yake, anatazama njiwa wakirudi.

"Mbona umenuna hivyo?" aliuliza, Felisa alipomfikia huko juu. "Barafu itayeyuka kwa huo uso."

Felisa akamweleza yote, akatoa bili mfukoni. Mzee Pilo akaitazama bili.

"Mita yako umeisoma?"

"Mita zetu si ziko juu ya nguzo, mzee! Nizisome vipi? Mimi ni njiwa?"

Mzee alicheka mpaka barafu ikamdondokea kwenye shati. Kisha akamwonyesha mahali kwenye bili.

"Tazama hapa. Hii ni namba ya mita, 618. Watu wanaangalia jina lao na pesa tu. Namba hii hawaiangalii. Shika darubini, itafute."

Felisa akatafuta kwenye nguzo. Mita zilikuwa kumi na mbili.

"Nimeiona! 618. Kisahani chake kinazunguka."

"Sawa. Sasa nenda nyumbani, zima swichi kubwa. Nyumba nzima izimike. Halafu rudi."

Felisa akakimbia, akazima. Ruel alikuwa anatazama mpira wa kikapu.

"Nani kazima? Dakika ya mwisho hii jamani!"

"Tulia, baba!" Felisa alijibu, akiwa tayari nje.

Juu ya paa alishika darubini tena. 618 bado ilikuwa inazunguka, tena kwa kasi.

"Mzee, nyumba yangu imezimwa! Hii inazunguka kwa umeme wa nani?"

Kutoka nyumba ya nyuma sauti ya Gorio ilisikika ikiimba wimbo wa mapenzi, nje kabisa ya tuni. Gorio hukodisha mashine ya karaoke, na ana viyoyozi viwili. Wimbo ulipokwisha, kisahani kikapunguza mwendo. Gorio akaanza mwingine, kikaongeza.

"Mwizi!" Felisa alisema.

"Taratibu," Mzee Pilo alisema. "Usimnyooshee mtu kidole. Baada ya kimbunga mafundi walihamisha mita kwenye nguzo mpya. Nadhani wamebadilisha nyaya. Waya wa mita yako umeenda kwa Gorio, na wake umekuja kwako. Ila mimi nadhani tu. Shirika la umeme ndilo litakalothibitisha."

"Basi ngoja Ruel apande."

"Thubutu! Nguzo na mita ni mali ya shirika. Ukipanda unakufa, na ukikata lakiri ya mita unashitakiwa. Wewe chukua bili za kabla ya kimbunga na za baada. Andika namba inayosomeka kwenye mita, tarehe na saa. Nenda ofisini, utoe malalamiko kwa maandishi. Usitoke bila namba ya malalamiko. Na uulize ulipe kiasi gani wakati wanachunguza, wasije wakakukatia."

Kwanza Felisa alikwenda kwa Gorio. Aliogopa ugomvi, lakini akamweleza yote. Gorio alisikiliza mdomo wazi.

"Kumbe! Bili yangu imeshuka, miezi mitatu nawasha mishumaa kanisani. Nilidhani Mtakatifu Roko amenionea huruma!"

"Alikuonea kwa pesa zangu, jirani."

"Basi twende wote. Bora nijue sasa, kuliko kuja kudaiwa mlima."

Ofisini kijana wa dirishani hakuinua hata macho. "Mama, labda friza yako ni mbovu."

Zamani Felisa angeona aibu na kuondoka. Safari hii alibaki palepale.

"Mwanangu, nilizima nyumba nzima na mita ikazunguka. Friza gani hiyo inakula huku imezimwa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana akainua macho. Akasoma karatasi zake, akamwandikia namba ya malalamiko, akamwambia alipe kiasi alichozoea mpaka uchunguzi uishe.

Siku nne baadaye mafundi walikuja. Wakapanda, wakapima, wakashuka vichwa chini. Nyaya zilikuwa zimebadilishwa kweli. Walizirudisha mahali pake. Barua ikafuata: shirika linaomba radhi, na alichozidisha kulipa Felisa kitapunguzwa kwenye bili zake. Gorio aliomba alipe kidogo kidogo, akakubaliwa. Siku hizi karaoke yake ina ratiba, na mtaa mzima unamshukuru.

Mwisho wa mwezi Dencio alifika na pikipiki yenye tela na kamba begani.

"Binamu, iko wapi hiyo friza? Pesa ninayo."

Felisa alikuwa jikoni, mikono imejaa rojo la embe. Alisogea mlangoni. Ruel alijikuna shingo, akamtazama mkewe, kisha akamtazama Dencio.

"Mimi niliahidi kitu kisicho changu, ndugu yangu. Nilikosea. Muulize mwenye friza."

Dencio akageuka. "Shemeji, unauza?"

"Siuzi," Felisa alisema. "Ila barafu zipo. Peso tano."

Dencio akanunua kumi.