Kidole Gumba cha Chiriku

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo, Chiriku na kaka yake walikwenda bustanini kwa babu yao kujifunza kuchonga. Babu alikuwa seremala mstaafu. Mbao zilikuwa zimemshinda uzito, lakini ulimi haukumshinda. Alimpa kila mmoja kisu kidogo na mti mlaini, akawaketisha mbali mbali, mkono wa mmoja usimfikie mwenzake.

"Makali yaende mbele, yasirudi kwako," alisema. "Na sheria yangu ni moja: anayejikata anarudisha kisu. Hakishiki tena mpaka mwaka mwingine."

"Hata akijikata kidogo, babu?" aliuliza Chiriku. Aliitwa hivyo kwa sababu hata usingizini alikuwa akiongea.

"Damu haina kidogo."

Chiriku alikuwa akimchongea mama yake mwiko. Jumamosi ya tatu, ukiwa umebaki mpini tu, aliuegemeza kwenye kidole gumba cha kushoto, akavuta kisu kuelekea kwake. Kikazama. Babu wakati huo alikuwa ameinama akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Chiriku akafuta damu kwa udongo, akatia mkono mfukoni.

"Nitasema," kaka yake alinong'ona.

"Sema. Na mimi nitasema nani alivunja kioo."

Wakaelewana.

Siku ya nne baada ya kujikata, bibi alimkuta akisugua sufuria kwa mkono mmoja.

"Mke mwenzangu, tangu asubuhi hujamsengenya mtu. Unaumwa?"

"Hapana, bibi."

"Basi nionyeshe huo mkono unaouficha."

Kidole kilikuwa kimevimba kama kiazi, na wekundu umeshuka hadi kiganjani. Bibi hakutania tena.

Kwenye zahanati, muuguzi alikipasua, akakamua usaha. Daktari alikitazama kwa muda mrefu.

"Mngemleta siku ile ile, ningekishona tu. Sasa kitapona, ila mshipa wa kukikunja umeshaharibika. Hakitajikunja tena."

Walipofika nyumbani, babu aliuliza, "Mbona hukusema?"

"Ungeninyang'anya kisu."

Babu akaketi. Akamwita na kaka mtu.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Niliwawekea sheria ya kuwafundisha kuficha. Kuanzia leo, anayejikata akasema papo hapo, kisu kinabaki chake. Na ninyi mshike hili: jeraha likionyeshwa hupona, likifichwa hula."

Bandeji ilipofunguliwa, Chiriku alirudi bustanini, akaushika mwiko kwa mkono wa kushoto. Ukaanguka. Akauokota, ukaanguka tena.

"Na hiki, babu?" aliuliza. "Sheria mpya haiwezi kukikunja?"

Babu aliuokota mwiko, akampa kaka yake amalizie mpini.

"Haiwezi, mke wangu. Sheria mpya ni ya vidole vilivyobaki."